Tulifyeka kayukiyuki, ikarudi maradufu

"Shikamoo, mzee wangu. Mimi ni mwalimu wa sekondari upande wa Lugazi, Uganda. Mwezi wa pili, mimi na vijana kumi na wawili tulijitolea kuondoa mimea vamizi kwenye ukingo wa Msitu wa Mabira, karibu na Najjembe. Tulifyeka kayukiyuki (lantana) Jumamosi tatu mfululizo, tukalundika na kuchoma. Mvua za Machi zikanyesha, na mwezi wa tano tukakuta imerudi, nene kuliko mwanzo, na katikati yake ile miti ya karatasi imechipua kama nyasi. Vijana wawili wameshaacha. Mtu mmoja sokoni anatushauri tununue dawa ya kuua magugu, mwingine anasema tumwage dizeli kwenye visiki. Juu ya hayo, mlinzi wa msitu alitufokea kwamba tunavunja sheria. Tulikosea wapi? Na kweli watu kumi na wawili wanaiweza kazi hii, au tunajisumbua bure?"

Marahaba, mwalimu. Nimeisoma barua yako mara mbili. Wale vijana wawili walioacha ndio walionikaa moyoni, kwa sababu mimi pia nimewahi kupoteza vijana wa namna hiyo. Wanatoa jasho Jumamosi nzima, wanaona eneo limekuwa jeupe, wanapiga picha, na miezi mitatu baadaye wanakuta kichaka kimesimama palepale. Hakuna anayewaeleza kilichotokea, basi wanaamua kwamba msitu hautaki kusaidiwa.

Nianze na swali lako la mwisho. Hamjisumbui bure. Watu kumi na wawili wanaweza kuirudisha sehemu ya Mabira katika hali yake, ila sehemu hiyo ni ndogo kuliko mnavyofikiri, na kazi yenyewe ni ya kurudi zaidi kuliko ya kufyeka. Mlichofanya mwezi wa pili kilikuwa mwanzo tu, na kwa bahati mbaya mliufanya kwa namna iliyoipa kayukiyuki nafasi nzuri ya kukua. Nitakueleza kwa kirefu, maana ukishajua mmea unavyoishi, utajua mwenyewe wapi ukate na lini urudi.

Chukua jembe, nenda kwenye kisiki kimoja mlichokifyeka, uchimbe taratibu kukizunguka. Chini kidogo ya uso wa udongo, pale shina linapogeuka kuwa mzizi, utakuta uvimbe mgumu, kwenye mmea mkubwa unaweza kufika ukubwa wa ngumi. Hicho ndicho kitako cha kayukiyuki. Kipanguse udongo ukiangalie kwa karibu. Utaona vijicho vidogo vimebandikana na gome, vingine kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Hayo ni machipukizi yaliyolala. Mmea ukiwa na matawi marefu, ncha za matawi hutengeneza homoni inayoteremka chini na kuyazuia yasiamke. Panga likishapita, ile homoni imekatika. Vijicho vinaamka kwa pamoja, na palipokuwa na shina moja panatoka mashina sita au kumi. Huo unene uliokushangaza mwezi wa tano ulitoka hapo.

Na chakula cha kuchipua kinatoka mizizini, ambako mmea umeweka wanga kwa miaka. Wewe ni mwalimu, bila shaka uko kwenye SACCO, basi utanielewa haraka. Mmea ukikatwa hutoa akiba yake kujenga majani mapya. Kwa wiki kadhaa unatumia tu, hauweki. Majani yakishapanuka na kukaa juani, unaanza kurudisha, na baada ya muda akiba imejaa tena kama hakuna kilichotokea. Ninyi mlikata mara moja, mkauacha mwezi wa tatu na wa nne, miezi ya mvua, ukarudisha kila kitu na faida juu. Mngerudi wiki ya sita, majani yakiwa mateke bado, mkakata tena, mngeukuta una deni. Mara ya tatu, deni kubwa zaidi. Kuna hatua ambapo kisiki hakina cha kutoa.

Ila njia hiyo ya kuchosha kisiki ni ndefu. Kwa kayukiyuki iko njia fupi, nayo ni kuking'oa kitako chenyewe. Fyeka matawi kwanza, uache shina la kushikia, urefu wa goti hivi. Piga sururu pembeni, ukate mizizi ya kando, kisha inua. Mizizi myembamba ikibaki ardhini isikutie hofu. Kinachotakiwa kitoke ni kitako na vijicho vyake. Ukishakitoa, kitundike kwenye tawi au ukiweke juu ya gogo, mizizi ikiangalia hewani, kikauke. Kisilazwe kwenye udongo wenye unyevu, wala matawi yasiachwe yamelala chini wakati wa mvua, kwani shina la kayukiyuki likigusa tope huota mizizi upya.

Sasa moto. Najua kwetu kuchoma ni sehemu ya kusafisha shamba, na lundo likishawaka mtu anajisikia amemaliza. Lakini kayukiyuki iliyokauka huwaka kwa ukali, na moto ukiponyoka kwenye ukingo wa msitu unaua miche ya miti ya asili ambayo haijazoea moto, huku kitako cha kayukiyuki kimejificha salama ardhini. Mvua ya kwanza inamkuta nani yuko tayari? Tena ndani ya hifadhi, kuwasha moto bila ruhusa ni kosa. Acheni kabisa.

Jambo la tatu ni mwanga, na hapa ndipo ilipo roho ya suala lote. Mbegu za kayukiyuki huliwa na ndege, wanazidondosha kila mahali, na hukaa udongoni miaka kadhaa zikisubiri. Chini ya msitu mzito hazipati jua, basi hazifiki mbali. Mwanya ukifunguka, zinaamka. Ninyi mlifungua mwanya mpana, udongo ukabaki uchi, jua likaingia hadi chini, kisha mkaondoka. Mlikuwa kama mtu aliyelima, akasawazisha, akasahau kupanda.

Historia ya Mabira yenyewe inaeleza hivyo hivyo. Msitu huu ulitengwa kuwa hifadhi mwaka 1900, una takriban kilomita za mraba 300, na barabara ya Kampala kwenda Jinja inaupasua katikati. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 watu wengi waliingia wakakata na kulima ndani yake, hadi walipoondolewa mwishoni mwa miaka ya 1980. Yale mashamba yaliyoachwa wazi ndiyo yaliyotekwa na mti wa karatasi, yaani mforsadi wa karatasi, ambao wataalamu huuita Broussonetia papyrifera. Ulitoka Asia, na uliletwa kwa matumaini ya kutengeneza karatasi. Karatasi hatukuipata. Mti ukabaki, nyani na ndege wakapenda matunda yake mekundu, wakazibeba mbegu. Ukitembea leo kutoka sehemu ambayo haikulimwa hadi iliyolimwa, utauona mpaka kwa macho: huku mizizi-ubao ya miti mikubwa, ile inayosimama kama mbao kuzunguka shina, na kiza cha baridi, kule majani yenye manyoya na jua linalochoma shingo.

Kwa hiyo mpalizi mkuu wa msitu ni kivuli. Kikundi chenu kazi yake ni kukishikia kivuli nafasi mpaka kifike.

Hapo inabadilika hata namna ya kuchagua pa kuanzia. Vikundi vingi, na nadhani hata chenu, huanza pale palipoharibika kuliko pote, kando ya barabara, kwa sababu panauma macho. Mimi nawaomba mfanye kinyume. Ingieni na mlinzi hadi mahali ambapo msitu ni mzuri na kayukiyuki ni mmoja mmoja tu. Ng'oeni huyo mmoja mmoja. Kisha sogeeni nje polepole kuelekea palipo pabaya, kwa kasi ile ile ambayo miche ya asili inajaza nafasi mliyoacha. Kule Sydney, Australia, dada wawili, Joan na Eileen Bradley, walifanya hivyo kwa miaka mingi kwenye misitu ya jirani na kwao, wakitembea na vifaa vidogo vya mkono, na njia yao mpaka sasa inaitwa kwa jina lao. Walikuwa wawili tu. Ninyi mko kumi na mmoja, na wale wawili wanaweza kurudi.

Kipande cha kwanza kiwe hatua ishirini kwa ishirini, basi. Nakuona unaguna. Lakini kipande hicho mkikirudia kila baada ya wiki sita au nane katika misimu ya mvua, na mara moja kiangazi, mwaka mzima, mtakuwa mmefanya zaidi ya eneo lote mlilofyeka na kuliacha. Mkiona ziara ya kukipitia inawachukua saa moja badala ya siku nzima, ongezeni kingine cha kupakana nacho.

Kabla panga halijainuliwa, piteni kwa macho. Tafuteni miche ya maotea, ile iliyojiotea yenyewe, iliyofichwa chini ya kayukiyuki: musizi, nongo, musambya, muwafu. Wakati mwingine utaukuta mvule mdogo, majani yake yana meno meno na utomvu mweupe, amejikunyata gizani. Kila mche ufungieni kitambaa cha rangi inayoonekana. Nimeona watu wakifyeka kwa bidii, na katika nusu saa wakawa wamekata miche ya asili mingi kuliko kitalu kingeweza kuwapa. Miche hii ndiyo kivuli cha kesho, tayari ina mizizi, na haijawagharimu shilingi. Kupanda kutoka kitaluni kunafaa pale tu ambapo hamkuti maotea yoyote, na hapo chagueni miti ya msitu huo huo kwa ushauri wa ofisi.

Na si kila kichaka kibaya ni mgeni. Matovu, ule mmea wenye majani ya miiba mikali na maua ya waridi, ni wa kwetu. Unasonga, unachoma, unachelewesha msitu kurudi, lakini si mvamizi kutoka nje, na uamuzi wa kuugusa si wa kikundi cha kujitolea. Upande wa pili, mti unaweza kuwa mwenyeji hapa na mvamizi kwingine. Musizi wetu, tunaoupenda kwa mbao, ulipopelekwa Amani kwenye milima ya Usambara huko Tanzania, ulisambaa ndani ya msitu ukawa tatizo hasa. Kifabakazi chetu chenye maua ya moto kinasumbua visiwa vya Pasifiki. Nayasema haya ili vijana wako wasije wakaanza kuchukia miti. Mti hauna kosa. Umetolewa mahali wadudu na magonjwa yake yalipokuwa yakiuzuia, ukawekwa mahali hakuna wa kuuzuia.

Kayukiyuki hamtaikosea: shina la pembe nne lenye vimiiba vilivyopinda, majani makavu kama msasa yenye harufu kali ukiyasugua, na kichala cha maua ambacho katikati ni cha manjano na pembeni ni cha waridi au chungwa, kwa kuwa ua hubadili rangi linapozeeka. Watoto hula tunda lake jeusi lililoiva. Waambieni wasile, kwa sababu lililo bichi lina sumu na mtoto hachagui vizuri. Ng'ombe na mbuzi nao wakila majani yake huumia ini, na jua huwachubua ngozi.

Mti wa karatasi ni shughuli nyingine, na hapa sitakudanganya kwamba ni rahisi. Majani yake hayafanani hata kwenye tawi moja: mengine yana umbo la moyo, mengine yamechanika kama kiganja. Ukivunja jani, linatoa utomvu mweupe. Ukikata mti mkubwa, hauchipui kisikini tu. Mizizi inayotambaa karibu na uso wa udongo hutoa machipukizi mita kadhaa kutoka shinani. Hiyo "nyasi" uliyoiona mwezi wa tano, kwa kiasi kikubwa naamini ilitokana na mizizi mliyoichokonoa na jua mliloliingiza.

Kwa hiyo gawanyeni. Miche midogo iliyotokana na mbegu ni yenu: mvua ikiwa imelainisha udongo, shika chini kabisa, vuta moja kwa moja juu, mzizi wote unatoka. Ukivuta ukaona mche umeunganika na mzizi mnene unaokwenda mlalo kama kamba, hilo ni chipukizi la mzizi. Fukua kamba hiyo, ikate pande zote mbili, toa kipande. Miti iliyozidi unene wa kifundo cha mkono waachieni wenye mamlaka ya msitu waamue.

Njia moja wanayoweza kuwaelekeza ni kuuvua mti gome kama pete. Hapa nataka uwapeleke vijana kwa fundi wa lubugo, kile kitambaa cha gome la mti wa mutuba, kama mnaye karibu, kabla ya kujaribu. Ndani ya gome ndimo unamopita mfereji wa sukari kutoka majanini kwenda mizizini, na maji ya kupanda juu yanapita ndani zaidi, kwenye mbao. Ukitoa pete ya gome, majani yanaendelea kunywa lakini mizizi hailishwi, inakufa njaa polepole. Lakini fundi wa lubugo naye huuvua mutuba gome lote kuzunguka shina, na mutuba haufi, anauvua tena na tena kwa miaka! Siri yake ni ule utelezi unaobaki juu ya mbao baada ya gome kutoka. Utelezi huo ni tabaka hai linalozaa gome jipya. Fundi haukwangui, na papo hapo anaufunika kwa majani ya mgomba usikauke. Basi anayetaka mti ufe anafanya kinyume cha fundi: pete pana, utelezi wote unakwanguliwa mpaka mbao zinakauka, na hakuna kufunika. Hata hivyo, chini ya pete patachipua, na machipukizi hayo lazima yavunjwe kila mnaporudi. Tumerudi kulekule kwenye kurudi.

Uzuri wa mti kufa umesimama ni kwamba mwavuli wake hautoweki siku moja. Unapukutika kidogo kidogo kwa miezi, na miche ya chini inapata jua kwa kipimo. Ubaya wake ni kwamba mti mkavu huangusha matawi, kwa hiyo usivuliwe kando ya njia wanayopita watu.

Lazima pia niseme wanachosema majirani wa msitu, kwa sababu nao wana haki. Mti wa karatasi unawapa kuni na majani ya mbuzi, na kila mzigo wa kuni unaotoka kwake haukutoka kwa mti wa asili. Kule kwenye msitu wa Budongo sokwe hula majani na matunda yake. Mkija na maneno ya kuufuta wote mara moja, mama anayepika kwa kuni zake atawaona maadui, na sidhani atakosea. Zungumzeni nao mapema, na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, awepo. Ikiwezekana, ofisi ikubali kuni za miti inayoondolewa ziende kwao.

Dizeli, hapana. Inaua udongo na viumbe vyake mahali pale, inasombwa na mvua hadi vijitoni, na kisiki chenyewe mara nyingi kinachipukia pembeni. Chumvi vilevile. Dawa ya kuua magugu ni suala zito zaidi, kwa sababu kweli inafanya kazi. Ukipaka glaifoseti kwa brashi kwenye kisiki kilichokatwa dakika hiyo hiyo, inateremka hadi mizizini, na wahifadhi katika nchi nyingi hutumia njia hiyo. Lakini hiyo ni kupaka kisiki kimoja kimoja, kwa mtu aliyefunzwa, mwenye kinga na kibali. Anayokushauri mtu wa sokoni ni bomba la mgongoni na kunyunyiza. Ndani ya msitu, dawa ile haibagui kayukiyuki na mvule mchanga. Na vijana wa shule wasiishike hata siku moja. Kama ofisi itaona dawa inahitajika, waipake watu wao.

Nimefika kwa yule mlinzi. Kufoka kwake sikutetei, lakini alichosema ni kweli. Mabira ni hifadhi kuu ya misitu iliyo chini ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu, NFA, na kwa Sheria ya Misitu na Upandaji Miti ya mwaka 2003 huwezi kukata, kung'oa wala kutoa kitu humo bila idhini, hata nia yako ikiwa njema. Mlinzi akiona watu kumi na watatu na mapanga, anajuaje ninyi si wachoma mkaa? Sheria hiyo hiyo, hata hivyo, inawapa mlango: usimamizi shirikishi, ambapo kikundi cha wanajamii kinaingia makubaliano na mamlaka kuhusu eneo fulani, kazi gani kifanye na faida gani kipate. Kikundi chenu kikiwa kidogo, mnaweza kuanza na barua ya shule na idhini ya maandishi ya kipande kimoja. Wasomaji wengine walio karibu na hifadhi za wanyama, kama Kibale au Queen Elizabeth, wao mlango wao ni Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, UWA.

Mtu mmoja wa ofisi akiwa nanyi siku ya kwanza, mtapata na faida ya usalama. Gambuti na glavu ngumu kwa kila mmoja, suruali ndefu, na mapanga yasikaribiane: hatua tatu kati ya mtu na mtu. Kabla ya kuingiza mkono chini ya kichaka, pigapiga kwa fimbo, kwani kifutu hujilaza kwenye majani makavu na hakimbii kama nyoka wengine. Mtu akiumwa, mlazeni atulie, kiungo kisisogezwe, vueni pete na saa, msichanje wala kufunga kamba, mpelekeni Hospitali ya Kawolo pale Lugazi bila kuchelewa. Utomvu wa mti wa karatasi au mwiba wa kayukiyuki ukiingia jichoni, osheni kwa maji mengi safi na mwende siku hiyo hiyo. Vijana wote wahakikishe wamechanjwa pepopunda. Na wakati wa kuondoka kila mtu akwangue tope kwenye viatu pale pale, msije mkazipeleka mbegu kwenye bustani ya shule.

Kuna mambo mawili ambayo barua yangu haiwezi kuyamaliza. Mmea msioutambua, hasa wenye maua ya manjano mengi yanayofanana na ya mjohoro, usiguswe kwanza. Huenda ni sena, ndugu wa mjohoro, ambaye amevamia Budongo na pia Mahale huko Tanzania, na akiwa ameingia mahali papya ofisi inahitaji kujua mapema. Kata tawi lenye majani na maua, libane katikati ya magazeti likauke, ulipeleke ofisi ya NFA au kwenye jumba la mimea la Chuo Kikuu cha Makerere. La pili ni mteremko: kama kipande mlichopewa kiko kwenye kingo za kijito, msing'oe chochote hadi mtaalamu afike, maana mizizi hiyo hiyo mibaya ndiyo inayoshika udongo.

Umeuliza kama mikono inatosha. Wazee wa mialoni wanakumbuka gugu maji lilivyofunga Ziwa Victoria miaka ya 1990. Watu walilivuta kwa mikono mwaloni kwa mwaloni, likarudi, na nafuu ilikuja zaidi baada ya watafiti kuachia fukusi wanaokula mmea huo peke yake. Kwa kayukiyuki wadudu wa namna hiyo wamejaribiwa katika nchi nyingi, na mafanikio ni madogo. Kwa Mabira nzima, basi, mikono yenu haitoshi, na asiwepo wa kuwaahidi hivyo. Kwa kipande cha hatua ishirini kwa ishirini inatosha kabisa. Kwale wa Nahan, ndege adimu anayetembea sakafuni mwa msitu na kutaga kati ya mizizi-ubao, hahitaji Mabira yote. Anahitaji kiza cha kutosha mahali anapoishi.

Sasa hivi ni kiangazi, udongo mgumu, msiguse kitu. Tumieni wiki hizi kuandika barua kwa NFA, kuonana na LC1, na kutembea na mlinzi yule yule aliyewafokea awaonyeshe pale msitu ulipo mzima. Chaneni mashati mekundu yaliyochakaa yawe vitambaa vya kufungia miche. Mvua za Septemba zikishanyesha mara mbili au tatu, udongo ukawa unabonyea chini ya kidole, ingieni. Na tarehe ya kurudi, wiki ya sita, iandikeni kwenye ubao wa darasa siku hiyo hiyo mnayotoka msituni, kabla hamjanawa mikono. Wale vijana wawili waambie nawasalimu, na kwamba safari hii kuna miche ya kuhesabu.